Saruji ya Ukuta wa Nyuma

Shomari mwanangu,

Barua njema huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua: umemaliza wali wa watu watatu, umevaa shati nililolipiga pasi kwa ajili ya safari ya kesho ya chuoni, na umetoka kwenda kuaga mtaa mzima wa Mji Mpya kama mtu anayevuka bahari, wakati Dar es Salaam utafika kabla jua halijawa kali. Yangu ndiyo siwezi kuieleza. Tangu uondoke nakaa mezani, nainuka. Nafungua dirisha nitazame mlima, nalifunga, nalifungua tena. Mawingu yameshuka mpaka yamefunika msitu wote wa juu, na kila bati likilia nadhani mvua imeanza, kumbe ni paka wa jirani.

Sina la kukuambia kuhusu kula, kulala na marafiki. Mama yako mdogo Zuhura alipokuja juzi amekwambia yote hayo, mengine mara mbili, na mengine hayakuhusu mpaka siku utakapooa. Nataka kusema habari ya lile bomba la plastiki uliloliweka juu ya begi lako, lenye michoro ya nyumba yetu ya Kinole ya kupeleka ofisini Dar. Nimelifungua. Usikasirike kabla hujafika mwisho, maana najua unavyosoma: mistari mitatu, kisha unajibu. Safari hii utaisomea ndani ya basi, na wa kujibizana naye hutakuwa naye.

Nilipoanza kazi Ofisi ya Ujenzi nilikuwa msichana pekee katika chumba cha wachora ramani, na nilijiona sana. Nilichora shule, zahanati, nyumba za walimu. Mistari yangu ilikuwa safi, mkuu wetu akiwaonyesha wageni. Nilichokuwa sikijui ni kwamba kazi yangu yote ilikuwa kuchora nyumba ambazo hazijajengwa. Nyumba ambayo haijajengwa ni tiifu mno. Ukiiambia simama wima, inasimama. Ukiiambia kona zako ziwe sawa, haina ubishi. Na nyingi katika zangu zilibaki na utiifu wao, kwa sababu saruji haikuwepo. Kuna zahanati moja ya upande wa Dumila niliichora mpaka vitasa vya milango, ikakaa kwenye droo miaka na miaka, mende wakaizoea kuliko mganga yeyote.

Wewe hukuijua njaa ya saruji, ndiyo maana unanicheka nikiitaja. Ulihitaji kibali, na kibali kilihitaji mtu, na huyo mtu alihitaji kukujua kwa kupitia mtu mwingine. Nimewaona watu wazima na heshima zao wakizoa saruji iliyomwagika kutoka mfuko uliopasuka na kuichekecha kwa kanga. Kisha nchi ikafunguka. Maduka ya mjini yakajaa sabuni, redio, mitumba, na saruji ikapangwa nje barazani kama magunia ya mahindi, muuzaji mwenyewe anakuita, "Mama karibu, nikupakilie mingapi?" Nilidhani ananitania.

Wakati huohuo ofisi ikagundua kwamba tuko wengi. Wakatupunguza. Wenzangu walionunua cherehani na kufungua vibanda walikuwa na akili. Mimi nilipopewa kiinua mgongo nilikwenda moja kwa moja kwa yule muuzaji, nikanunua saruji, nikaipakia kwenye pikapu inayoteremsha ndizi kutoka Kinole, ambayo hupanda mlima ikiwa tupu, nikapanda nayo nyumbani. Baba yako aliponiuliza kwa nini nisikarabati kwanza jiko letu la hapa mjini linalovuja, nilimkumbusha kwamba kule Uluguru yeye ni mkwe tu, na mambo ya nyumba ya ukoo wa mke wake hayamhusu. Akasema, "Basi jiko linanihusu mimi, na mvua inayoingia ni ya ukoo wangu." Hajaacha kuisema mpaka leo.

Nyumba ile aliijenga mjomba wa bibi yako aliporudi kutoka pwani na fundi wake. Unaijua: kuta nene za mawe na udongo mwekundu, boriti za mvule, mlango wa kuchonga mbele, na ukuta wa nyuma umebanwa na mlima kiasi kwamba mtu mnene hapiti katikati. Ila kuna kitu kimoja hukukiona, kwa sababu mimi ndiye niliyekimaliza kabla hujaanza kukumbuka mambo. Kila mwaka masika yakipita, wanawake wa ukoo walikusanyika kuikandika. Tulikanyaga udongo kwa miguu, tukaupaka kwa viganja, huku tunawasengenya waume za watu. Mimi nilianza nikiwa mdogo, nikapewa sehemu ya chini isiyohitaji ngazi. Unapaka, unapaka, unafika mahali kiganja kinapata baridi. Unaita mwenzako. Mnachokonoa, mnatoa udongo uliolegea, mnaziba, mnaendelea na umbea pale mlipoukatiza. Hakuna aliyeuita huo ukaguzi wa jengo. Kusema kweli wengi walikuja kwa ajili ya togwa.

Basi nikafika na saruji yangu, nikawatangazia pale uani, "Jamani, mikono ipumzike. Ukuta wa nyuma hamtaukandika tena maisha yenu." Vigelegele vilisikika mpaka ng'ambo ya bonde. Fundi akapiga lipu ukuta mzima, kutoka chini mpaka kwenye boriti, nyororo kama sahani. Mjomba wako Kibwana akatoa hotuba, akasema mdogo wake amesoma na leo ukoo umekula matunda ya shule. Bibi yako alikuwa hai bado. Alipitisha kiganja pale ukutani, taratibu, akasema, "Huu sasa haumhitaji mtu." Nikaichukua kuwa ni sifa. Niliwahi hata kuirudia mbele za watu.

Ukweli ni kwamba baada ya hapo hawakukandika hata kuta nyingine. Ukiwaondolea watu ukuta mkubwa, hawaji kwa ajili ya ule mdogo. Wakanunua kila mmoja mfuko wake wa saruji.

Sasa nije kwa yule dada wa ofisi ya majengo ya kale, aliyefika Kinole mwanzoni mwa kiangazi na viatu visivyojua mlima. Alitueleza vizuri, wewe ulikuwepo: wanataka nyumba za kale za mkoa zipimwe na kuchorwa, wachague chache, waziandalie mpango wa kuzitunza na walete fundi wa chokaa. Masharti mawili tu. Nyumba iwe ya asili, na michoro iwe ya kweli. Mjomba wako akakubali kwa shingo upande, kwa sababu yule mfanyabiashara wa milango ya kale, anayewauzia wenye mahoteli, alikuwa ameshakuja mara nyingi kuupapasa mlango wetu kama anayenunua ng'ombe. "Wakinikatalia hao wa Dar," akasema Kibwana, "nauza mlango, nauza boriti, najenga ya matofali. Nisilaumiwe."

Nikakuchukua unisaidie kushika futi, nikijisemea nitakufundisha kazi. Unaona sasa ninavyochekesha. Nilipima ukuta wa mbele, nikaandika kipimo hichohicho kwa wa nyuma, kwa sababu katika miaka yangu yote ofisini kuta za chumba kimoja zilikuwa na adabu ya kulingana. Nilipokaa kuchora, nyumba ikakataa kufunga. Kona ya mwisho ilibaki na mwanya wa kupita kuku. Nikasogeza mstari kidogo, nikaziba. Ukasimama nyuma yangu.

"Mama, hiyo siyo nyumba yetu."

"Ni ipi, basi?"

"Hiyo ni nyumba ya wizara."

Nilikufukuza mezani, lakini nilicheka nilipobaki peke yangu. Ukarudi Kinole bila mimi, ukapima kona kwa kona, ukateremsha timazi kutoka kwenye boriti mahali baada ya mahali, na baba yako, huyo mkwe wa watu, akakushikia kamba. Mkaja na habari kwamba ukuta wa nyuma una tumbo. Umevimba katikati kuelekea ndani. Baba yako akajipiga lake na kusema, "Mbona mimi ninalo na nimesimama?" Wewe hukucheka. Uliuchora ukuta na tumbo lake, ukachora mistari ya mshazari pale penye saruji, na pembeni ukaandika kwa herufi ndogo safi kwamba lipu ya saruji imeongezwa, na nyuma yake ukuta una unyevu.

Jana mchana nikachukua raba nikayafuta. Yote. Tumbo, mshazari, maneno.

Uliponikuta ulisema kwa upole kuliko nilivyostahili. Ulisema, "Mama, fundi atakayekuja atafuata mchoro." Nikakujibu kwamba hatakuja fundi yeyote iwapo wataona saruji, kwa kuwa wanataka nyumba ya asili. Nikakuambia kwamba tukishakubaliwa tutawaeleza taratibu. Nikakuambia kwamba mlango utauzwa, boriti zitauzwa, na wewe utakaporudi likizo utakuta kiwanja. Nilikuwa na hoja nzuri, zimejipanga moja baada ya nyingine, na hilo peke yake lingetosha kunishtua. Hoja zangu zikiwa za kweli huwa zinakuja zimepishana, na nyingine nazikumbuka kesho yake. Ukaiweka karatasi ndani ya bomba, ukalifunga. Ningependa ungepiga kelele kidogo. Usiku sikulala vizuri, na usiniambie ni ule mchuzi wa pilipili.

Asubuhi niliposema nakwenda sokoni, nilipanda Kinole. Ndiyo maana nimerudi mchana huu bila nyanya.

Mjomba wako alikuwa barazani anamenya chungwa. Nikamwamkia, "Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mtoto kaondoka?"

"Kesho alfajiri."

"Na hilo tindo la nini?"

"Natazama ukuta wa nyuma."

"Tazama kwa macho."

Nikaingia chumba cha nyuma, anacholala Zuhura na wanawe. Nyinyi mlipima kwa kamba. Mimi nilifanya kile nilichokuwa sijakifanya tangu ile siku ya vigelegele, nikaweka kiganja. Saruji haikuniambia kitu. Ilikuwa kavu na nyororo, vilevile kama nilivyoinunua. Nikagonga kwa nyundo, ukuta ukalia kama debe. Nikaweka tindo. Sikutumia nguvu, Shomari, naapa. Kipande kikubwa kama sinia kikaachia kikaniangukia miguuni, na nyuma yake udongo ukatiririka kama uji. Niliingiza mkono mpaka kwenye kifundo. Jiwe nililoligusa lilisogea.

Maji ya mlima yalikuwa yanaingia miaka yote hiyo kama yalivyoingia zamani, ila zamani yalitoka yenyewe kupitia udongo, kiangazi kikaukausha. Mimi niliyazibia njia ya kutokea. Kilichosimama pale kilikuwa ni lipu yangu. Ukuta wenyewe ulikuwa umekaa chini siku nyingi.

Kibwana alikuja akachungulia, na ganda la chungwa bado liko mkononi. Kisha akasema, "Funika."

"Nifunike na nini?"

"Na chochote. Mtoto apeleke karatasi zake. Fundi wao akija ataliona mwenyewe tundu."

"Ataliona akiwa juu ya ngazi, kaka, anaongeza chokaa juu ya saruji kwa sababu mchoro umemwambia ukuta ni mzima. Na Zuhura analala hapa na watoto."

"Wamelala hapa miaka yote."

"Miaka yote sikuwa nimeingiza mkono."

Hapo Zuhura alikuwa ameshafika mlangoni na beseni la nguo. Alitazama tundu, akanitazama mimi, akatazama udongo kwenye gauni langu. "Dada," akasema, "ulituambia maisha yetu yote. Mbona mimi bado sijafa?" Akaweka beseni chini, akaanza kukunja mkeka wa watoto. Tukahamisha vitanda kwenda chumba cha mbele, yeye na mimi, na Kibwana akashika upande wa tatu huku anatuambia hatujui kubeba. Baadaye akaenda mwenyewe kukata magogo ya kuegemeza boriti. Hakusema amekubali. Alichosema wakati napanda pikapu ni kilekile: "Wakikataa, nauza. Nisilaumiwe." Nikamwambia hatalaumiwa. Hakulipenda jibu hilo; nadhani alitaka nimbembeleze.

Hivyo nilipofungua bomba lako jioni hii nilikuwa nakwenda kurudisha nilichokifuta. Alama zako bado zilionekana kwenye karatasi, kalamu yako unaikandamiza sana, nilishakuambia. Nimeufuata ukuta na tumbo lake. Nimerudisha mshazari. Nimeongeza tundu mahali lilipo, kwa kipimo, na nimechora udongo ulivyoteremka, ingawa ofisini kwetu hatukuwa na alama ya udongo uliokuwa uji, ikabidi nibuni. Maneno yako nimeyaandika upya kwa mkono wangu, nikaongeza kwamba ukuta huu ulikuwa ukikandikwa kila mwaka na wanawake wa ukoo mpaka ulipopigwa saruji, na kwamba mtu yeyote azuiwe kupanda juu yake. Mistari yangu imetetemeka mahali pawili patatu. Nimeiacha.

Najua huenda nimeipoteza nyumba. Nataka ujue kwamba sikuandika hivi kwa sababu nimepata utulivu fulani, maana sijaupata. Nimetoka nje mara nyingine sasa hivi kutazama mlima na siuoni kabisa. Magogo ya mjomba wako ni mabichi. Mvua ikija kubwa usiku wa leo, ukuta unaweza kuondoka kabla basi lako halijapita Chalinze, na karatasi utakayoifikisha itakuwa picha ya kitu kilichokuwepo. Ipeleke hivyohivyo. Waambie siku tuliyopima ilikuwa hivi.

Huko chuoni watakufundisha kuchora nyumba tiifu, na utazipenda, kama nilivyozipenda mimi. Zina raha yake na usizidharau. Ila utakapotumwa kupima iliyosimama, utakutana na mtu kama mimi kila mahali. Atakuwa mwenye nyumba, au mkuu wako, au mtu mwema tu anayetaka mambo yaende. Atakuletea chai. Atakuambia hiki kidogo usikiandike, tutaeleza baadaye. Sina dawa ya mtu huyo, kwa kuwa jana alikuwa mimi na nilikuwa namaanisha mema tangu mwanzo mpaka mwisho. Wewe ingiza tu mkono ukutani kabla hujamjibu. Na chai unywe.

Jumamosi napanda tena. Zuhura amekwisha kuwapitishia habari wanawake, na wawili wameshauliza kama kutakuwa na togwa, kwa hiyo naona mambo yatakwenda. Tutaubandua ule ukuta saruji yake pole pole kutoka juu, kama bado upo, na tutaukandika. Viganja vyangu vimekuwa laini kwa kushika rula; watanicheka mpaka jioni, na wana haki.

Basi, mwanangu. Ukifika pale ofisini wataifungua ile karatasi mezani, na yule dada atauliza. Atauliza saruji hii aliipaka nani, kwa sababu hilo ndilo swali la kwanza ambalo mtu yeyote angeuliza. Utasikia ulimi wako unataka kusema ni fundi mmoja, zamani. Wewe ni mtoto mzuri na utataka kunistiri. Usinistiri. Muonyeshe jina langu nililoandika pale chini kwenye kona, mahali pa mchoraji, mwambie huyu ndiye aliyeagiza ipakwe na ndiye aliyeichora, na ni mama yangu. Kisha kaa kimya, hata wakicheka, umwache aamue.

Mama yako